Kona ya Sufuria

"Bado nene," alisema Bata.

"Nene wapi? Nikiweka wembe upande huu, naona kivuli chake upande ule."

"Kwangua tena kidogo, tafadhali."

Mkewe alikigeuza kiatu juu chini, akakibana katikati ya magoti, akaendelea kuikwangua soli. Yeye alikuwa fundi cherehani, na viatu havikuwa kazi yake. Ovaroli za madereva wa mbio za magari zilipita mikononi mwake, za timu yao na za timu nyingine. Alijua nani amenenepa, nani ana bega moja chini, nani hutokwa jasho kabla hata injini haijawashwa. Lakini tangu waoane, mumewe hakuwahi kumletea kiatu. Kiatu cha dereva wa mbio hutoka kiwandani na soli nyembamba kama ganda la chungwa, ili mguu uisikie pedali. Huyu sasa alitaka hata ganda limenywe.

"Si uvae soksi tu," alisema Kibiriti kutoka kwenye kochi, miguu juu ya stuli. "Au uende pekupeku kabisa, shemeji. Watazamaji watafurahi."

Kibiriti alikuwa mdogo wake fundi cherehani, wa baba mmoja mama mmoja. Alilala chumba cha uani, akala meza ile ile, na kazini alikuwa dereva wa pili katika timu ambayo Bata alikuwa dereva wa kwanza. Mafundi wa gereji ndio waliomwita Kibiriti, kwa jinsi alivyokuwa haraka kuwaka.

"Cheka," Bata alimjibu. "Mvua ikinyesha Jumapili utakuja kuniomba huo wembe."

"Mvua ikinyesha Jumapili utakuwa nyuma yangu unakunywa maji ya matairi yangu."

"Mnabishania mvua kama mmeilipia," alisema mama yake Bata, ambaye alikuwa ameketi karibu na redio akingoja utabiri wa hali ya hewa. Mama mzima aliyekuwa hajui kuendesha hata baiskeli, sasa alisikiliza habari za mawingu kuliko habari za vifo.

Bata aliinuka, akaenda dirishani, akatazama juu, akarudi. Akakaa. Akainuka tena. Alikuwa hivyo tangu wiki ya mazoezi.

Chini ya kiti cha kila gari la mbio palikuwa na kisanduku. Gurudumu likianza kuteleza, kisanduku kilijua kabla dereva hajajua, kikapunguza nguvu ya injini. Dereva akikanyaga breki kwa pupa, kisanduku kilizilegeza na kuzikaza mpaka gari likatulia. Mwaka huu chama cha mbio kiliamuru visanduku vyote ving'olewe. Mashabiki, kilisema, wamechoka kutazama kompyuta zikishindana. Wanataka kuona wanaume. Matajiri wa timu walipiga makofi, maana visanduku vilikuwa ghali. Kwenye lami kavu hakuna dereva aliyelalamika. Kisha siku moja ya mazoezi yakaja manyunyu, na dereva mmoja kijana akazunguka katikati ya barabara iliyonyooka, pasipo kona yoyote, kama sarafu iliyotupwa mezani. Walimtoa kwenye gari kwa msumeno. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta kama ulivyozoea: mpaka mwisho, kisanduku kitachuja. Hakukuwa na kisanduku. Kila dereva aliyesimama pale akitazama msumeno alijikuta anautazama mguu wake mwenyewe.

Fundi cherehani aliukunguta unga wa soli mapajani, akampa mumewe kiatu. Bata alikivaa, akaubonyeza mguu wa kochi kwa ncha ya dole gumba, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Sasa nasikia," alisema.

Mkewe alikuwa amekwisha kujua kwamba mume wake anaogopa, na kwamba hajawahi kuogopa hivi.

*

Madereva walikwenda kwa mkuu wa mashindano wakiwa kundi zima. Ofisi ilikuwa ndogo, wengi wakasimama mlangoni. Tajiri wa timu ya Bata alikuwa tayari ndani, amekaa, kikombe cha chai mkononi. Bata ndiye aliyechaguliwa kusema, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ya jina lake. Jina hilo alilipata siku moja ya mvua kubwa, alipowapita wenzake wote mmoja mmoja kama wamesimama, na uwanja mzima ukaimba kwamba yule si mtu, ni bata.

"Hatukatai kukimbia, mzee," alisema. "Tunaomba maji yakituama, hasa pale Sufuria, mbio zisubiri. Au mturudishie visanduku kwa siku za mvua tu."

Kona ya Sufuria ilikuwa imebonyea. Kwenye jua haikuwa na neno. Mvua ikinyesha, maji ya kilima chote yalishukia pale na kutulia, na gari lililoingia kwa kasi halikugusa tena lami, lilielea.

"Madereva wa zamani walikimbia kwenye mvua bila visanduku," alisema mkuu wa mashindano.

"Kwa nusu ya mwendo wetu, mzee. Na walikuwa wanazikana."

"Tiketi zimeuzwa. Televisheni wanakuja. Nimwambie nani kwamba mnaogopa kulowa?"

Tajiri aliweka kikombe chini. "Hebu subirini. Nimesikia vizuri? Bata anaogopa maji? Jamani, niitieni daktari wa mifugo!"

Walicheka. Hata baadhi ya madereva mlangoni walicheka, kabla hawajajizuia. Bata alingoja kicheko kiishe, uso wake umekuwa mweusi zaidi.

"Bosi, siku ile mliyonipa hili jina, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho kila nilipotoka kwenye kona. Sikuwa na akili yoyote ya mvua. Kisanduku ndicho kilichoendesha, mimi nilishika usukani. Nikikanyaga vile Jumapili hii, mtanizika Jumatatu. Nayasema haya mbele ya wote, kwa kinywa changu."

Alidhani anatoa ushahidi. Kumbe kwenye korido palikuwa na mtangazaji wa redio, na jioni ile maneno yake yakawa kichekesho cha mji mzima.

Mkuu wa mashindano hakubadili kitu. Basi madereva walikutana nyuma ya ghala la matairi, wakalisukuma gari la Bata hadi hapo, na kila mmoja akaweka kiganja juu ya boneti. Walikubaliana hivi: mvua ikiwa kubwa, watatoka kama kawaida, watazunguka ule mzunguko mmoja wa polepole wa kupasha matairi, kisha yeyote aliyepangwa wa mbele atakata kuingia njia ya gereji, na wote watamfuata na kuzima injini. Hakuna atakayefukuzwa kama wote wamezima. Kiganja cha mwisho kushuka kwenye boneti kilikuwa cha Kibiriti. Lakini kilishuka.

Jumamosi, lami ikiwa kavu, walikimbia kupanga nafasi. Wa mbele akawa Bata.

*

Fundi cherehani alitoka kununua uzi. Muuza duka alimpimia, akafunga, kisha akamtazama kwa macho ya utani na kutoa sauti ya bata, kwaa, kwaa. Vijana waliokaa kwenye ngazi za duka wakaipokea. Kwaa, kwaa, kwaa, ikamfuata mtaa mzima mpaka mlangoni kwake. Hakukimbia. Ila alipoingia ndani aligundua ameubana ule mfuko wa uzi mpaka karatasi imechanika.

"Wamekulilia na wewe?" aliuliza mkwe wake.

"Wamenililia, mama."

"Mimi wamenililia kule bombani. Nikawaambia, afadhali bata, anajua kuogelea. Nyie mama zenu walizaa nini?" Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwanangu, huyu mume wako amekosa nini hasa?"

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Alikuwa dereva wa Tajiri, yule wa gari lake la kutembelea, amebeba mfuko wenye ovaroli mbili.

"Bosi anasema ufumue namba moja kwenye hii, uishone kwenye hii. Anazitaka leo leo."

Fundi cherehani alizitandaza juu ya meza. Ile yenye namba moja mgongoni alikuwa ameishona mwenyewe, kwa vipimo vya mumewe. Ile nyingine, nyembamba kiunoni, ilikuwa ya ndugu yake. Alisimama juu ya zile nguo mbili zilizolala kifudifudi kama watu, mkasi mkononi, na hakuhitaji mtu kumfafanulia.

Alivuka uani, akausukuma mlango wa Kibiriti bila kubisha.

"Amekuahidi nini?"

Kibiriti alikuwa akinyoosha shati. Hakujifanya kushangaa. "Kiti cha kwanza. Mpango wetu umemfikia. Nikitoka peke yangu, shemeji akiegesha."

"Na kiganja ulichoweka kwenye boneti?"

"Dada, unajua wananiitaje gereji? Kifaranga. Kwa sababu ya mume wako. Nimekaa nyuma yake miaka yote, 'Kibiriti subiri, Kibiriti jifunze.' Sasa mwenye kunifundisha amesema hadharani kwamba hakuwa anaendesha yeye!"

"Amesema ili usife."

"Amesema kwa sababu anaogopa."

"Naam, anaogopa! Na wewe usiyeogopa umekuwa shujaa tangu lini? Tangu Tajiri alipokupigia simu?"

"Dada, usinipandishie sauti kwangu."

"Kwako?" Aliangalia kitanda alichomtandikia, pazia alilomshonea. "Haya. Kwako."

Alirudi sebuleni na kumkuta Bata amesimama mezani. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele na amekwisha kuziona ovaroli. Kidole chake kilikuwa kikifuata ukingo wa ile namba, taratibu, kama mtu anayesoma kwa kupapasa.

"Sitashona," alisema mkewe. "Mwambie aje ashone mwenyewe kwa vidole vyake vinene."

"Shona. Usiposhona wewe atampa mwingine, na mwingine atashona vibaya." Akaenda dirishani. Mawingu yalikuwa yamejikunja upande wa kilima. "Umeongea naye?"

"Hasikii."

"Umri wake nami nisingesikia." Akarudi, akakaa, akainuka. "Anakanyaga sana akitoka Sufuria. Hata kwenye kavu nimemwambia. Anakanyaga kabla usukani haujanyooka."

"Hilo ndilo unalowaza? Amekuuza, na wewe unawaza anavyokanyaga?"

"Sasa niwaze nini?"

Fundi cherehani aliketi, akakanyaga cherehani, na mlio wake ukajaza chumba mpaka hakuna aliyeweza kusema neno jingine. Alishona kuizunguka namba yote, akakata uzi, akakunja.

*

Jumapili mvua haikunyesha asubuhi. Watu walijaa majukwaani na miavuli yao imefungwa, na kila dereva alifanya kazi ndogondogo zisizo na maana, huyu akifuta kioo kilicho safi, yule akifunga mkanda na kuufungua. Fundi cherehani alikaa kwenye hema la timu na sindano zake, kwa ajili ya zipu zitakazokatika. Kisha, magari yakiwa yamekwisha kupangwa mstarini, mbingu ilifunguka yote kwa mara moja.

Bendera ilipungwa vile vile. Magari yalitoka polepole kwa mzunguko wa kupasha matairi, yakivuta nyuma yao ukungu wa maji, hata wa tatu hakumwona wa pili. Yalipotokea tena upande wa pili wa uwanja, la mbele liliwasha taa ya pembeni, likakata, likaingia njia ya gereji. La pili likafuata. La tatu. Moja baada ya jingine, na injini zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka kelele pekee iliyobaki ikawa ya mvua.

Na ya gari moja. Kibiriti alipita moja kwa moja mbele ya majukwaa, akakanyaga mafuta, na watu wakainuka wakapiga kelele za furaha kana kwamba wamefunguliwa kifungoni.

Bata alivua helmeti. Alikuwa bado hajatoka kwenye gari wakati chupa ya kwanza ilipoangukia bawa la nyuma la gari. Kwaa, kwaa, jukwaa zima sasa, wakubwa kwa wadogo, wakipiga makofi kufuata mlio. Tajiri alipita karibu naye chini ya mwavuli mkubwa. Hakusimama.

"Jumatatu ulete funguo za gereji," alisema.

Bata hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akisikiliza ile injini, mbali, upande wa Sufuria. Ililia juu, ikakatika, ikapiga yowe la gurudumu lisiloshika kitu, halafu kimya, halafu ikashika tena. Aliruka ukuta wa gereji akakimbia.

Mkewe alimwona akipanda tuta, viatu vyake vyembamba vikiteleza kwenye matope. Alichukua koti lake akamfuata.

Pale Sufuria maji yalikuwa yamefika katikati ya barabara. Alama za matairi ya Kibiriti zilionekana kwenye majani: alikuwa amezunguka nusu, akatoka nje, akabahatika kukuta njia ya kurudi. Bata alisimama juu ya tuta, nyuma ya ukuta wa matairi, mahali ambapo dereva anayekuja hawezi kukosa kumwona. Alipoisikia injini inakaribia, aliinua mkono wake wote juu, halafu, gari likiwa bado mbali, akaushusha, kiganja kikiangalia chini. Ilikuwa ishara ya gerejini, ile ambayo mafundi humpa dereva wanapopima injini: mkono juu, kanyaga, kiganja chini, achia.

Kibiriti hakuachia. Gari liliingia majini, mkia ukarushwa kushoto, ukarushwa kulia, maji yakaruka yakawafunika wote wawili pale tutani. Akapita.

"Amekuona!" alipiga kelele mkewe. "Amekuona akafanya makusudi!"

"Atarudi," alisema Bata. Hakupokea koti. Alikuwa akiyatazama maji. Yalikuwa yanapanda. Mahali pa kuachia mafuta hapakuwa tena pale alipokuwa ameonyesha. Palikuwa pamerudi nyuma. Akatembea hatua kadhaa kwenye tuta, kuelekea gari linakotokea, akasimama hapo.

Safari iliyofuata aliinua mkono, akaushusha, na ile injini ikanyamaza. Si kidogo. Ilinyamaza pale pale kiganja kiliposhuka, kana kwamba kamba imefungwa kati ya mkono ule na mguu ule. Gari likapita Sufuria polepole, likiyapasua maji. Bata akainua mkono: kanyaga. Injini ikalia.

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kila mara maji yalipanda, na kila mara Bata alirudi nyuma kidogo kwenye tuta, akitafuta mahali papya kwa macho, na kila mara kiganja kiliposhuka mguu uliachia. Watu wa jukwaa la karibu walidhani amechanganyikiwa, anampungia shemeji yake ili amrudishe. Walimzomea. Ganda la muhogo likampiga shingoni, akalifuta bila kugeuka. Dereva mmoja mwenzake alikuja mpaka chini ya tuta, maji yakimtiririka usoni.

"Unamsaidia msaliti! Tumezima wote, tutafukuzwa wote, na wewe unamsaidia ashinde!"

"Anashindana na nani?" Bata alimjibu, macho barabarani.

"Ungemwacha, wakubwa wayaone wenyewe!"

"Waone nini? Maiti yake?" Mkono ulikuwa tayari juu. "Ondoka mbele yangu, tafadhali. Unanizibia."

Fundi cherehani alisimama nyuma ya mumewe na lile koti, wote wawili wakilowana, na kila injini ilipokaribia aliacha kupumua, na kila ilipopita alipumua.

*

Walirudi nyumbani kabla ya Kibiriti. Mama yake Bata alikuwa amezima redio, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbio zikiwa zinaongelewa. Alikuwa amewachemshia maji ya kuoga.

"Wamemwita Bata Mpya," alisema. "Wamemuuliza ilikuwaje. Amesema, nilikuwa peke yangu, mimi na gari."

Bata alikunywa chai yake. Fundi cherehani alifungua mdomo, mumewe akamtazama, akaufunga.

Kibiriti aliingia giza lilipoanza kuingia, na ovaroli yake yenye namba moja, kikombe cha ushindi kwapani. Nje watoto wa mtaa walikuwa wakimshangilia. Alifunga mlango nyuma yake, na kelele zikapungua. Alikiweka kikombe juu ya meza, akakaa kiti chake cha siku zote. Hakuna aliyesema hongera. Hakuna aliyemfukuza pia. Dada yake alimmiminia chai, akamsogezea.

Alikishika kile kikombe cha chai na chai ikamwagika. Akakirudisha. Akajaribu kwa mikono miwili, na sahani yake ikaanza kugonga meza, tap tap tap, ikawa aibu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka mpaka viwikoni. Aliificha chini ya meza.

"Tangu nishuke," alisema. "Haitaki kuacha."

"Itaacha," alisema Bata.

"Ile mara ya kwanza, kabla hujaja. Niliuona ukuta, shemeji. Niliuona mbele, halafu nyuma, halafu mbele. Mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga. Nilikuwa naujua umekanyaga, nauambia toka, hautoki. Unangoja kisanduku."

Mama alinong'ona neno la dua.

"Na redioni sikusema," Kibiriti aliendelea, akiitazama meza. "Waliniuliza, nikataka kusema, nikaona Tajiri ananiangalia. Sikusema."

"Tumesikia," alisema dada yake.

Nje mvua ilianza tena, nyepesi, juu ya bati, na wote wanne wakainua macho darini kwa pamoja.

"Mbio zijazo ni kule bondeni," alisema Kibiriti. "Wanasema kutanyesha pia." Kilichofuata kilimtoka kwa sauti ya mtoto anayeomba kusindikizwa chooni. "Shemeji. Utakuja? Usimame?"

Bata aliugeuza mkono wake wa kulia, akakitazama kiganja. Kilikuwa kimevimba kwa baridi.

"Kule bondeni kona ziko kumi na moja, shemeji. Nimeziendesha zote. Nitasimama moja. Niambie nikuchagulie ipi."

Simu ya Kibiriti ilianza kuita mezani, ikizunguka yenyewe polepole karibu na kile kikombe cha ushindi. Walijua ni nani. Alijaribu kuishika, ikamponyoka, akaibonyeza kwa kidole pale pale ilipokuwa, na sauti ya Tajiri ikajaa chumbani.

"Kijana wangu! Bata Mpya! Umekula? Kula vizuri. Jumatano nakutaka bondeni, mazoezi. Na wale waoga wengine wameanza kunipigia kuomba msamaha, nimewaambia wakaombe kazi ya kufuga kuku. Unanisikia?"

"Nakusikia, bosi."

"Mvua inakuja, na wewe ndiye mwenye mvua sasa. Utatoka?"

Kibiriti alimtazama shemeji yake, halafu dada yake.

"Nitatoka, bosi. Ila nitafutie watu kumi."

"Watu kumi wa nini? Mafundi ninao."

"Si mafundi. Wa kusimama kwenye kona. Wasimame juu ya tuta mvua inanyesha, wazomewe, wapigwe na maganda, wasiondoke mpaka nimalize. Wa kona ya kumi na moja ninaye, yuko hapa. Ni hao kumi tu wamepungua."

Kulikuwa na mkwaruzo kwenye simu, kisha sauti iliyobadilika. "Umelewa?"

"Mwambie na yeye anaweza kuwa mmoja," alisema mama yake Bata kwa sauti ya kusikika vizuri. "Mwavuli anao."

"Nani huyo? Kijana, sikiliza. Ukinichezea, hicho kiti kina wenyewe wengi. Nakuuliza mara ya mwisho. Mvua ikinyesha, utatoka au hutoki?"

"Nilishaweka kiganja kwenye boneti, bosi," alisema Kibiriti. "Nilichelewa tu kukumbuka."

Simu ikakatwa upande ule. Kibiriti alisimama, akafungua zipu kwa vidole vilivyokuwa vikiikosa, akaivua ovaroli, akabaki na fulana. Alimpa dada yake.

"Fumua."

Fundi cherehani aliitandaza mapajani, mgongo juu. Hakwenda kuchukua mkasi. Alikikuta kwa ukucha kile kichwa cha uzi alichokiacha siku ile bila kukifunga fundo, akakivuta, na namba yote ikaachia kwa mkupuo mmoja.